Fundo la Uzi wa Nta

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na chuma chako cha kulehemu kikiwa bado cha moto. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila ulimi hauna ugonjwa: jana alimfukuza muuza sufuria mlangoni kwa sababu aligonga moja ikatoa, anasema yeye, sauti ya uongo. Nimemwambia nakuandikia. Akasema, "Haya." Nikamuuliza ana salamu gani za kukutumia. Akasema maji yanachemka.

Sasa jambo langu. Ile transmita niliyokusimulia imekubaliwa kupanda na setilaiti, kwa sharti. Juu yetu, kuanzia kama kilomita mia hivi, kuna tabaka ambalo jua hulipiga kutwa mpaka hewa yenyewe inavunjika vipande vyenye umeme. Wasomi huliita ionosfea. Mawimbi ya redio yakipita humo hupindwa, hucheleweshwa, mengine hayatoki. Ndege na meli zinazotafuta njia kwa setilaiti hudanganywa nalo. Transmita yangu itakaa juu yake na kurusha chini sauti mbili kwa pamoja, moja ya wimbi refu, moja ya wimbi fupi. Zinaondoka wakati mmoja, lakini ya wimbi refu huchelewa zaidi njiani. Sauti zenyewe hazisemi kitu. Ule mwanya kati yao ndio unaosema kuna nini huko.

Lakini kwanza ifike. Roketi hutikisa kila kilichomo kama mbwa anavyotikisa panya. Kisha hujikata vipande kwa baruti, na kila mkato ni pigo. Jana tuliiweka kwenye meza ya mtikisiko. Sekunde arobaini, fuwele ikapasuka. Unaijua, kile kipande chembamba kinachotetemeka ili sauti isiyumbe. Nami nilikuwa nimemimina gundi ngumu nikajaza sanduku mpaka mdomoni! Mkuu wa maabara, tunayemwita Mama Mizani kwa sababu hupima hata salamu, amenipa mpaka tarehe ishirini Juni. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa sanduku la mtu mwingine, na miaka yangu mitatu inakwenda kwenye ndoo.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa ulipanda juu ya paa la duka ukairusha redio kwenye saruji ya ua, ili tu kuninyamazisha kilio. Ikadunda mara mbili. Ikaendelea kuimba. Uliwezaje? Tena kwa mkono wenye vidole viwili visivyokunjika. Kama si ile ajali ya pikipiki ungetuacha wapi sisi?

Mafungu yangu ya nyaya bado nayafunga kwa fundo lako, mizunguko mitatu na mkia uliorudi chini. Wenzangu hutumia vibanio vya plastiki na kunicheka. Wacha wacheke.

Mpwa wako,
Kiberiti


2 Machi

Kiberiti mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako iliwahi kufika. Mjibu ndiye aliyejikokota. Mimi mzima. Kazi imepungua. Watu waliokuwa wakiniletea redio hata isiyo mbovu, ili mradi wapate pa kukaa na kuwasema wenzao, siku hizi wanapita ng'ambo ya barabara. Kioo cha dirisha la duka kimevunjika. Ni upepo. Nimebandika karatasi, na duka sasa linafanana na mtu aliyefumba jicho moja. Msalimie dada yangu. Najua atasema nini, msalimie hivyo hivyo.

Fuwele iliyopasuka isikulize. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kosa lako nimeliona kabla sijafika chini ya ukurasa: umekaza. Umedhani kisichosogea hakivunjiki. Ni kinyume chake, mama. Kisichosogea ndicho kinachopata pigo lote. Mtu akipigwa kofi huku kichwa chake kimeshikiliwa, shingo hukatika. Kichwa kikiwa huru, anaondoka na meno mawili pungufu na matusi ya kutosha.

Fuwele itundike. Itengenezee susu, kitanda kidogo cha kuning'inia cha uzi wa nta, uzi upite pembe zote nne, na chini yake weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, au mpira wowote ambao huko kwenu mnauheshimu. Iwe na mahali pa kwenda, halafu irudi.

Umeuliza niliwezaje. Mikono hujifunza kwa kufanya. Umeuliza nilijifunzia wapi? Hukuuliza. Usiulize.

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama amenunua viatu vya kamba kwa ajili ya goti na sasa anatembea kama mwanajeshi anayekwenda kukamata mtu. Salamu zako nilimpa. Akaniambia chumvi imekwisha.

Susu imefanya kazi, kwa nusu. Kwenye meza ya mtikisiko fuwele ilikaa dakika zote mbili, haikuyumba. Nilikaribia kumbusu mtu. Kisha ikaja nyundo. Hatuna roketi ya kulipua kila wiki, kwa hiyo tuna nyundo ya chuma ya kilo thelathini inayoning'inia kwa mnyororo. Inaachiwa, inapiga bamba ambalo transmita imefungiwa kwa nyuma. Pigo la kwanza ikastahimili. La pili likaiua. Kifuniko kilipasuka, kipande kikanichana juu ya jicho. Damu ilinidondokea kwenye daftari, nami pembeni ya kila tone nimeandika saa na nguvu ya pigo, kwa sababu Mama Mizani hapendi karatasi yenye alama zisizoelezwa. Nimeshonwa nyuzi tano. Usihofu, nina jicho.

Kwa hiyo nauliza. Radhi, lakini nauliza. Ile redio ya paani ulikuwa umeijaza kitu ndani. Nakumbuka ilikuwa nzito, na ilinukia mishumaa. Ni mchanganyiko gani? Pili, Mama Mizani hakubali njia isiyo na asili. Kila kitu kwenye ripoti lazima kiandikwe nani alikitumia kwanza, wapi, na kilithibitishwaje. Kwenye susu nimeandika "mjomba wangu, fundi redio." Amezungushia kwa kalamu nyekundu na kuandika: *Alizirushia wapi redio zake, hata akajua?*

Na upepo gani huo unaovunja kioo kimoja tu katika mtaa mzima?

Kiberiti


20 Aprili

Kiberiti,

Marahaba. Samehe mwandiko. Naandikia sakafuni, meza ina miguu miwili. Vijana walipita dukani na marungu. Wananifananisha na mtu. Walinipiga kidogo, si sana. Mimi kupigwa nimezoea, ni kama kunyoa. Redio kumi na moja za watu wamezikanyaga. Hizo ndizo zilizoniuma. Mwambie dada yangu nimeanguka ngazi. Au usimwambie.

Nilikuwa nimeamua kuzikwa na huo mchanganyiko. Lakini umeandika kwamba damu imekudondoka, na mimi siwezi kukaa na dawa mfukoni huku wewe unachanika uso.

Ni nta ya mishumaa na unga wa mbao uliochekechwa mara tatu. Usimimine kwa mara moja. Tabaka la kwanza liwe laini, nta nyingi. Liache lipoe kabisa. La pili liwe gumu, unga mwingi. La tatu laini tena. Usijaze mpaka juu, acha nafasi ya upana wa kidole. Pigo likiingia linakutana na ulaini, linachoka. Linakutana na ugumu, linatawanyika. Linalobaki halina nguvu ya kuua. Kila fungu la waya lifunge kwa lile fundo. Fundo la kawaida hujifungua kwa mtetemo, hilo hukaza. Ni la mama yetu, bibi yako. Alikuwa akishonea magunia.

Na fuwele isielekee upande wa pigo la kwanza. Ilaze kwa ubavu. Pigo la pili haliji kwa upande ule ule.

Kwenye ripoti andika umebuni wewe. Nakuomba.

Mjomba wako


8 Mei

Mjomba!

Shikamoo, shikamoo tena, na Mama mzima, na wote wazima, na sasa nisikilize.

Nta haiwezi, ingeyeyuka. Huko juu transmita itaingia kwenye jua na kutoka kila dakika tisini, kuchomwa na kugandishwa. Lakini matabaka yako nimeyachukua kama yalivyo. Badala ya nta nimetia mpira mwororo wa kumimina, badala ya unga wa mbao vishanga vya kioo vidogo kama vumbi. Laini, gumu, laini. Nafasi ya kidole juu. Fuwele kwa ubavu.

Nyundo mara kumi, Mjomba. Kumi! Kila pigo benchi zima liliruka, kikombe cha Mama Mizani kikaanguka kikavunjika, na ndani ya vipaza sauti ile sauti iliendelea, nyembamba, haijali, kama mtu anayepiga mluzi huku anapigwa. Nilicheka. Nilicheka kwa mwili mzima mpaka machozi yakaingia kwenye nyuzi za jicho. Sijawahi kufurahi hivyo kwa ajili ya mtu yeyote aliye hai, na hilo nalo nimelifikiria.

Siwezi kuandika kwamba nimebuni mimi. Huo ni wizi, na wewe ndiye uliyenifundisha kuuchukia. Niambie tu uliithibitishaje njia hii, niandike mstari mmoja, tumalize.

Hao vijana ni akina nani? Umewapeleka polisi?

Kiberiti wako


10 Mei

Mjomba,

Jana Mama aliweka gazeti mezani, limekunjwa ukurasa wa nne juu, akaenda kufua. Mama hasomi gazeti. Hufungia mboga.

Kuna picha. Februari mafundi ujenzi walichimba msingi pale palipokuwa na zahanati ya mtaa wetu wa zamani, wakatoa sanduku la bati lenye ukubwa wa mkate, limepasuka upande mmoja. Gazeti linasema wakati wa vita sanduku kama hilo liliita mizinga. Linasema aliyelitengeneza hajajulikana, ila alikuwa fundi hodari.

Ndani ya mpasuko linaonekana fungu la nyaya. Limefungwa kwa uzi. Mizunguko mitatu, mkia umerudi chini.

Baba yangu alikuwa mtabibu wa zahanati hiyo. Nilikuwa na miaka mitatu. Ninachokumbuka ni bizimu ya mkanda wake ikinibonyeza shavu wakati ananitoa nje chini ya kwapa, na vumbi jeupe, na alivyoniweka chini kama kifurushi akageuka kurudi ndani. Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba kombora la kwanza lilipiga ua, na la pili likampata.

*Pigo la pili haliji kwa upande ule ule.* Uliniandikia hivyo. Nilifikiri unazungumzia roketi.

Niandikie.


30 Mei

Mjomba. Leo ni siku ya ishirini.


12 Juni

Kiberiti,

Sijui nianze na salamu ipi, kwa hiyo naanza na goti: dada apake mafuta ya moto asubuhi, si jioni. Duka nimelifunga. Karatasi ya dirishani imelowa mvua na sikuweka nyingine.

Haya.

Mwaka wa pili wa vita wapiganaji walinitoa dukani wakanipeleka kambini. Mkuu wao, waliyemwita Nahodha, alitaka kidude kidogo kinacholia redioni. Mtu anakiacha mahali: darini, chini ya ngazi, ndani ya mkoba. Kwenye vilima viwili walikaa wasikilizaji wenye antena za duara, kila mmoja anaonyesha upande sauti inakotokea. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo mzinga unapiga. Kidude kikiendelea kulia, wanapiga tena. Kikinyamaza, wanahesabu kazi imekwisha, wanahamia kwingine.

Vidude vyangu vya mwanzo vilikuwa vibovu. Kombora la kwanza likianguka hata barabarani, fuwele inapasuka kwa kishindo tu. Kimya. Mizinga inaacha. Watu wanatoka wakikung'uta vumbi. Ubovu wa kazi yangu ulikuwa unaokoa nyumba nzima nzima, Kiberiti, na mimi nilichokijua ni kwamba Nahodha amekasirika. Aliuweka mkono wangu kwenye jiliwa la kubania vyuma, pale kwenye benchi langu, akazungusha mpini mwenyewe polepole, akinieleza habari za uaminifu. Pikipiki sijawahi kuwa nayo. Akanipa siku nne.

Ningeweza kukuambia ni vidole. Nimejiambia hivyo miaka ishirini na mitatu. Lakini umeniandikia jinsi ulivyocheka, nikaona siwezi kukudanganya wewe. Siku ya tatu nilikipiga kimoja kwa nyundo mara kumi na mbili na hakikunyamaza. Nilicheka. Mkono umefungwa tambara, damu inapita, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu nilikuwa nimelishinda tatizo. Wakati huo nilikuwa nimekwisha elewa vidude vinafanya kazi gani. Nilijua, na nilicheka.

Hivyo ndivyo kilivyothibitishwa. Mwambie mama yako wa kalamu nyekundu.

Cha zahanati kiliingizwa na mgonjwa, ndani ya mkoba wa nguo. Sikukiweka mimi. Fundo ni langu. La kwanza lilipiga ua. Baba yako akakutoa. Kidude kikaendelea kulia, kama nilivyokifundisha. Akarudi kumtoa mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Walipiga manne. Kilinyamaza kwa la nne.

Tarehe tatu Julai kuna kikao cha kumtafuta aliyetengeneza vidude, kwenye ukumbi wa shule. Wameita mafundi redio wote wa zamani. Tumebaki watatu. Wawili hawana hatia, na mmoja wao, jirani yangu wa mtaa wa pili, wale vijana wamemvunja taya wakidhani ni yeye. Anakula uji kwa mrija kwa ajili yangu. Mkoba wangu umefungwa, uko nyuma ya mlango. Mpakani ni saa tatu kwa basi. Sijui nitafanya nini.

Nina ombi. Kivunje hicho chako. Mimina gundi yako ngumu, ijaze mpaka mdomoni, kife kwa pigo la kwanza. Sitaki kitu changu kingine kilie juu ya vichwa vya watu.


22 Juni

Mjomba,

Sikuamkii. Mama hajambo, goti sijui.

Siku barua yako ilipofika nilikwenda nayo kazini. Tuna transmita mbili, ya kupaa na ya akiba. Niliiweka ya akiba kwenye benchi, nikaiwasha, nikachukua nyundo ya mkono. Niliipiga. Ikalia. Nikaipiga mpaka bati likajikunja, mpaka ngozi ya kiganja ikatoka, na bado ilikuwa inalia ndani ya vipaza sauti, nami nalia juu yake, na hakuna kati yetu aliyenyamaza. Mama Mizani alinishika kiwiko.

"Pigo la ngapi?" akauliza.

"Sijahesabu."

"Basi hilo si jaribio, ni hasira. Nenda kanawe mkono."

Ya kupaa ilipita juzi, tarehe ishirini. Mapigo yote. Sitaivunja. Unataka ife ili wewe upumzike. Baba yangu hatapumzika kwa kuwa meli zimepotea baharini. Nilichoongeza ni kimoja. Sheria inadai kila transmita iweze kunyamazishwa kwa amri kutoka chini, na mimi niliona ni usumbufu, nikaiweka sehemu hiyo mwishoni kwa shingo upande. Kabla ya jaribio niliifumua nikaijenga upya. Sasa ndiyo sehemu imara kuliko zote humo ndani. Nikisema basi, inanyamaza.

Nilimsomea Mama barua yako. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Nilikipata mimi. Siku ya pili ya kufukua, nikimtafuta baba yako kwa kucha. Nikaliona fundo la mama yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikakirudisha kifusini, nikasukumia matofali juu."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangemuua kwa dakika tano. Dakika tano! Kisha angekuwa amemaliza."

Nikamuuliza kwa nini basi alinipeleka dukani kwako kila likizo, tangu nina miaka saba, na chakula changu kwenye kopo, nikae kutwa nzima kwenye kigoda mbele ya benchi lako. Akapuliza makapi.

"Ili akutazame," akasema.

Sijui ni nani kati yenu aliyenilea. Nimekaa siku kadhaa na swali hilo.

Ripoti yangu inatolewa kwa wote tarehe mosi Julai. Kwenye ukurasa wa asili ya njia nimeandika jina lako lote, mtaa, mwaka, nta, unga wa mbao, jiliwa, nyundo mara kumi na mbili, zahanati. Nimeandika jina la baba yangu kama mahali ilipothibitishwa. Mama Mizani alisoma mara mbili. Akasema, "Hii si lugha ya ripoti." Nikamwambia, "Uliuliza alizirushia wapi." Akatia sahihi, kwa kalamu nyeusi.

Kwa hiyo una siku mbili kati ya karatasi yangu na kikao. Ukipanda basi la mpakani, karatasi itakushinda mbio. Nenda ukaseme kwa mdomo wako. Jirani yako hana taya jingine la kukuazima.

Siji. Mama ndiye anayekuja. Sijamtuma.

Kiberiti


6 Julai

Kiberiti,

Marahaba, kwa ile uliyoninyima.

Anayeandika ni muuguzi, mimi nasema tu. Ana mwandiko mzuri na anakataa kuandika matusi, kwa hiyo barua itakuwa fupi. Askari amekaa mlangoni, anauguza jino. Nimemwelekeza dawa.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na tisa. Mkoba ulikuwa nyuma ya mlango. Niliufungua nikatoa shati jeupe, nikalivaa, nikaenda mapema. Walitaka kuanza na orodha ya majina. Nilisimama kabla hawajafika popote, nikasema ni mimi. Nikaomba kile kidude, nikawaonyesha fundo, nikafunga jingine mbele yao kwa uzi wa kiatu changu, na vidole hivi hivi. Ukumbi mzima ulisikia uzi unakaza. Nikawaambia na kile kicheko. Ningeweza kukiacha. Nilikisema.

Yule kijana aliyevunja dirisha langu ndiye aliyenipiga na kiti. Yule mama mwenye uchungu wa kuzaa alikuwa dada yake. Mbavu tatu, na jicho hili hawana hakika nalo. Wengine walifuata, sikuwahesabu, kwa hiyo Mama Mizani aandike hasira. Jirani yangu alikuwepo na taya lake la waya. Hakunigusa. Alinitazama tu, afadhali angepiga.

Dada alikaa mstari wa mbele. Hakuzuia kiti. Polisi walipowatoa watu alikuja akasimama juu yangu na vile viatu vya kamba, nikaviona kwanza viatu, nikadhani ni mwanajeshi. Akasema, "Goti linaniuma. Basi lilijaa, nimesimama njia nzima."

Nikasema, "Pole, dada."

Akasema, "Haya."

Ni mazungumzo yetu ya kwanza tangu vita. Muuguzi anasema ni machache. Hajui.

Wanasema nitakwenda gerezani nikipona, na ni haki. Nimeuliza kama redio inaruhusiwa. Askari anadhani ndogo inaruhusiwa. Basi mwanangu, nitafutie mawimbi ya kidude chako, nielekeze siku na saa kitakapopita juu yetu. Nataka kukisikia kikipiga mluzi wake. Halafu, ukiwa huko chini kwenye mitambo yako, kiambie kinyamaze, hata kwa pumzi moja. Vyangu vyote vilinyamaza kwa kupigwa. Nataka kusikia kimoja kikinyamaza kwa sababu mtu amekiambia basi.

Mjomba wako, ukipenda